Mlango wa Mbele wa Colman Rigney

Usiku walipomchukua Colman Rigney kwa gari la wagonjwa, nilikaa jikoni kwangu nikiikodolea macho simu kama mtu anayelinda maziwa yasifurike. Upepo ulikuwa wa Novemba, ule usio na haraka. Nilichemsha maji ya chai, nikasahau kuinywa, nikachemsha tena. Mume wangu Fergal alishuka ngazi mara moja akauliza kama kuna habari. Nikamwambia hakuna. Akasema basi ni njema, kwa sababu mbaya haina miguu mizito, akarudi kulala. Fergal hulala hata paa likiezuliwa. Mimi ndiye ninayekesha kwa niaba ya nyumba nzima, na majirani nawahesabu humo humo.

Ni mimi niliyemkuta. Dirisha langu la jikoni linatazamana na nyumba yake, na jioni ile dohani yake haikuwa ikitoa moshi. Nikavuka barabara, nikaingia kwa mlango wa nyuma kama tunavyoingia wote, nikamkuta kwenye kiti chake amevaa koti, kofia na glovu, kifua kinapiga filimbi.

"Colman, kulikoni?"

"Si haba," akasema.

Midomo yake ilikuwa ya buluu.

Simu ililia karibu na kupambazuka. Alikuwa muuguzi wa kike, sauti ya mtu aliyesimama tangu jana.

"Wewe ndiye Breda? Colman amesema tukupigie wewe, na usije, barabara zinateleza. Yu hai, mpenzi. Ni mapafu. Atainuka."

Nikamshukuru Mungu, na watakatifu wawili watatu ninaowategemea zaidi.

"Ila daktari anauliza habari za nyumba. Ina unyevu?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kuna ukuta umeota kuvu."

Nikasikia anaandika. Kisha akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba daktari hatamruhusu kurudi katika nyumba ile mpaka ikauke na iwe na joto. Vinginevyo watamtafutia nafasi katika nyumba ya wazee.

Watu wa barabara yetu wanaokwenda nyumba ya wazee huondoka na begi dogo, wakisema ni kwa wiki chache. Sijawahi kuona begi likirudi na mwenyewe.

Colman alizaliwa katika nyumba ile na mpaka usiku ule hakuwa amelala kwingine zaidi ya fungate yake, ambayo anasema ilikuwa na mvua. Maisha yake yote ya kazi aliendesha garimoshi dogo la kinamasini, likivuta mboji iliyokatwa na kukaushwa, mpaka kwenye kituo cha umeme ikachomwe kama makaa. "Nusu ya Dublin imekaanga mayai kwa mkono wangu," alikuwa akituambia. Kwake mwenyewe kulikuwa na meko moja tu jikoni, na moto wake hauzimwi, hufukiwa usiku na kufufuliwa asubuhi. Vyumba vingine viliachiwa hali ya hewa. Marehemu mkewe, Philomena, alikuwa akiweka siagi na nyama ya Jumapili katika chumba cha wageni, na havikuharibika hata Julai. Wageni hawakuwa wengi.

Serikali ilipofunga kinamasi kwa ajili ya hewa ya dunia, Colman hakunung'unika. Alisema labda hewa kweli ilikuwa imechoka. Walimpa saa ya ukutani kwa utumishi wake. Ilisimama baridi ile ile ya kwanza. Unyevu uliingia ndani yake.

Sasa, mlango wa mbele. Hapa kwetu mlango wa mbele si wa kuingilia. Jirani hupita nyuma, mtu wa posta hupita nyuma, hata sajini wa polisi akija kwa ubaya hupita nyuma, maana alikulia hapa. Mbele ni kwa padri akija rasmi, kwa watu wasiotujua, na kwa maiti. Kwa mlango ule Colman alimtoa mama yake, akamtoa baba yake, kisha akamtoa Philomena. Walipotoka makaburini siku ile ya Philomena, alikwenda moja kwa moja akaufunga, akaziba nyufa zote kwa utepe wa gundi, akasokota blanketi chini yake, na akasukuma kabati la vyombo likauegemea.

"Utafunguliwa siku yangu," akasema. "Siku hiyo sitausikia upepo."

Hakuna aliyeona ajabu. Kwetu pia kuna baiskeli imeegemezwa mlango wa mbele tangu watoto walipokuwa wadogo.

Ndipo serikali hiyo hiyo ikatangaza kwamba nyumba zote za nchi zitavishwa koti. Ndivyo tulivyouita sisi mpango ule, mpango wa makoti: kuta zifunikwe kwa mbao nene za povu, dari zijazwe sufi, madirisha na milango ibadilishwe, na badala ya meko kuwe na pampu ya joto inayokaa nje kama jokofu lililokosea njia. Kwenye televisheni walimwonyesha mama mmoja amevaa fulana mwezi wa Januari, anaucheka ukuta.

Shida ya kulivisha taifa zima koti ni washonaji. Kulikuwa na mkandarasi mmoja kwa kaunti tatu. Maseremala na mafundi bomba wetu wako Australia. Hilo silisemi kwa kusikia, kwa sababu mwanangu Eoghan ni seremala na yuko Perth, anawajengea nyumba watu ambao hawajui baridi ni kitu gani. Walioweza kulipa nusu yao waliitwa kwanza. Wakili aliye kule juu kilimani, ambaye nyumba yake haikuwa na baridi, alivishwa akapata joto mpaka akaanza kuacha madirisha wazi. Wale wa kupewa bure tulipanga foleni.

Nilimshurutisha Colman aombe. Siku binti wa ofisini alipopiga simu, nilikuwa nimesimama pale pale jikoni kwake.

"Bwana Rigney, nyumba yako huwaje wakati wa baridi?"

"Si haba."

"Unapata taabu kuvipasha joto vyumba?"

"Wapo wenye taabu kuliko mimi."

"Kuna unyevu ndani?"

"Mvua ikinyesha."

Nilimpungia kitambaa cha vyombo. Nilimwonyesha ukuta. Akanigeuzia mgongo.

"Kwa hiyo niandike kwamba hali ni nzuri?"

"Andika utakavyo, binti. Usijisumbue."

Alipoweka simu chini nilimuuliza ana wazimu gani. "Ulitaka nimlalamikie mtoto wa watu asiyenijua?" akasema. "Ameuliza kwa adabu. Nami nimemjibu kwa adabu." Ikabidi nipige mimi, nieleze ukweli kwa ukali unaotakiwa, na jina lake likaingia mkiani mwa foleni.

Mkaguzi alikuja baada ya baridi moja kupita. Niliona gari nisilolijua likisimama, akashuka kijana ameficha kibao cha kompyuta ndani ya koti asilowane. Akaenda mlango wa mbele. Akabisha. Nikampigia Colman.

"Colman, kuna mtu mbele."

"Najua. Ndiyo maana sijafungua."

"Ni nani?"

"Padri angepiga simu kwanza. Na mimi sijafa. Huyo ni wa leseni ya televisheni."

"Kwani huna leseni?"

"Nina televisheni," akasema.

Nikasikia anapunguza sauti ya redio. Nami nikapunguza yangu, maana watu wale wanaokagua nani hajalipia televisheni yake hawabishi nyumba moja tu. Kijana akabisha tena, akarudi nyuma hatua chache, akaupiga mlango picha, akaondoka. Baadaye walimpigia simu kumjulisha kwamba mkaguzi alifika na hakumkuta mwenyeji, kwa hiyo amerudishwa mkiani. Mtu ambaye tangu Krismasi hakuwa ametoka isipokuwa kwenda misa, akaandikwa hayupo.

Hivyo ndivyo ilivyokuja Novemba nyingine, na gari la wagonjwa, na begi dogo. Asubuhi ile ile muuguzi alipokata simu, nilingoja ofisi ifunguliwe.

"Naona hapa mkaguzi alifika, mama, hakukuwa na mtu," akasema binti wa simu. Alikuwa mwingine; hawadumu.

"Mtu alikuwapo. Mlango ndio haukuwapo."

"Samahani?"

"Hatuutumii mlango wa mbele. Mwambie apite nyuma."

"Mfumo hauna nafasi ya nyuma, mama. Una nafasi ya anwani tu."

"Andika pembeni."

"Hauna pembeni." Akafikiri kidogo. Alikuwa mtoto mwema. "Kuna sehemu ya mbwa. Kama kuna mbwa mkali naweza kuandika."

"Basi andika kuna mbwa mkali mbele, watu wapite nyuma."

"Yupo?"

"Andika, mwanangu."

Ndivyo Colman alivyopata mbwa.

Daktari naye aliwaandikia, kwa hiyo mkaguzi alirudi mapema kuliko nilivyotazamia. Alikuwa kijana yule yule, jina lake Ultan Feeney, na alifika mlango wa nyuma ameshika biskuti.

"Mbwa yuko wapi?"

"Amelala."

Nikampa chai, na biskuti akaila mwenyewe. Alipima kuta, akapanda darini, akauona ule ukuta wa chumbani akasimama mbele yake kama aliye kanisani. Aliniambia nchi ina wakaguzi wachache mno. Siku nyingine hulala garini kati ya kaunti na kaunti, na nyumba isiyokaguliwa haiwezi kuguswa na fundi, hata fundi awe amekaa bure. Mwishowe akaligusa kabati la vyombo.

"Na nyuma ya hili?"

"Mlango."

"Lazima niufungue niupime, mama."

Nikampigia Colman wodini.

"Usiufungue," akasema.

"Anatakiwa aupime."

"Apime kwa ndani. Upana wake ni ule ule pande zote."

"Colman, ukimzuia huyu sijui nani mwingine atakuja."

"Mlango ule hufunguliwa mara moja kwa kila mtu, Breda. Una haraka gani na mimi?"

Ultan akaomba simu. "Bwana Rigney, mimi ndiye niliyebisha wakati ule."

Alishika simu mbali na sikio, nami nikasikia. "Ulibisha vizuri," akasema Colman. "Nikadhani wewe ni leseni."

"Naweza kupima kwa ndani nikaandika uletwe mpya. Wa zamani utang'olewa wote, na fremu yake."

"Mpya?"

"Mpya kabisa."

"Haujamtoa mtu."

"Uko kiwandani, mzee."

Colman akakohoa kwa muda. "Haya, weka," akasema. "Lakini mimi nitapita nyuma."

Kwa hiyo siku ile mlango haukufunguliwa, na jina la Colman likahama kutoka foleni ya kukaguliwa kwenda foleni ya kutengenezewa, ambayo ni ndefu zaidi.

Hospitali haiwezi kumlaza mtu akingoja dirisha. Kabla ya Krismasi Colman alihamishiwa nyumba ya wazee. Begi nililifunga mimi. Nilitia vitu vichache makusudi, ili aone ni kwa muda. Msimamizi wa pale, mwanamke mkweli, aliniita pembeni akanieleza kwamba chumba ni cha kuazima mpaka Novemba ijayo. Ikipita hapo hajarudi kwake, anakuwa mkazi wa kudumu, na kuhusu nyumba, jamaa zake watakaa waamue. Jamaa ni mpwa mmoja aliye Limerick, ambaye hupiga simu kuuliza kama paa bado liko.

Nilikuwa nikimtembelea Jumapili. Nilimkuta amevaa shati tu, uso mwekundu.

"Vipi huku?"

"Kuna joto kama tanuri la mkate. Jana nimeomba wafungue dirisha, wakaandika nina homa." Akainama karibu yangu. "Breda, nyumba inasemaje?"

"Iko foleni."

"Na moto?"

"Naufukia kila usiku." Kwa kweli nilikuwa nikivuka barabara kila usiku kuufukia na kila asubuhi kuufufua. Fergal alisema naiangalia meko ya mtu vizuri kuliko yake.

Majira ya machipuko yakaisha bila fundi kuja. Kiangazi mkandarasi akaja na vijana wake, wakavisha upande wa mbele na wa kulia, kisha wakaitwa kaunti ya pili kwa sababu madirisha ya huko yalikuwa yamefika na ya kwetu hayajafika. Nyumba ikakaa kiangazi kizima imevaa mkono mmoja wa koti. Nilimtumia Eoghan picha. Akanipigia, nyuma yake jua kali.

"Mama, waambie wanilipe kama ninavyolipwa hapa, Ijumaa nitakuwa hapo."

Nilimfikishia mkandarasi maneno hayo. Hakucheka. Mimi pia sikuwa nimekusudia achekeshwe.

Waliporudi Septemba nilibadili mbinu. Nilioka pai ya tufaha, nikawapa nusu, nikawaambia nusu ya pili ni ya kesho. Fundi aliyeacha nusu ya pai hurudi. Nilioka hivyo mpaka mti wetu ukabaki majani. Sisemi kwamba hiyo ndiyo dawa ya taifa, lakini upande wa kushoto ulivishwa, na wa nyuma, na mlango mpya ukatiwa, na ukuta ule ukakauka. Ilibaki pampu, ambayo fundi wake ni mmoja kwa kaunti zote tatu na hapendi vitu vitamu. Kila aliyekuja aliuliza habari za mbwa. Mwisho nilichoka kumlaza, nikasema amekufa. Mkandarasi alinipa pole, akavua kofia.

Pampu ikawaka wiki ya mwisho ya Oktoba. Nilisimama jikoni kwa Colman nikauacha moto wa meko ufe, nikajiona kama nimezima taa ya altare. Ultan akaja akakagua mara ya pili, akatia sahihi. Msimamizi wa nyumba ya wazee akakubali: Colman atarudishwa siku ya mwisho inayoruhusiwa, kwa sababu ndiyo siku gari lao lina nafasi.

Asubuhi ya siku hiyo vijana wa mkandarasi walipita kumalizia kazi ndogo niliyoisahau. Nilikuwa kwangu naoka. Waliponipungia mkono wakiondoka, nilifurahi. Nilipovuka barabara nikaona walichofanya. Walikuwa wamemwaga zege la njia kuizunguka nyumba upande wa nyuma, kutoka pampu mpaka kizingiti cha mlango, laini, limesawazishwa vizuri sana. Wameweka kibao: USIKANYAGE.

Gari la wazee likafika mimi bado nimelikodolea macho. Dereva akamshusha Colman na fimbo yake. Begi akabaki nalo mkononi.

Colman aliitazama nyumba. Ilikuwa nene, nyeupe, kama mtu aliyenenepa baada ya kuolewa.

"Si haba," akasema, akaanza kwenda nyuma.

"Colman, nyuma hapapitiki. Kuna zege bichi."

Akaenda akalitazama. Akaligusa kwa ncha ya fimbo. Akarudi.

"Nitangoja likauke."

"Ni mpaka kesho."

"Nitangoja ndani ya gari."

"Gari ninaondoka nalo, mzee," akasema dereva. "Nina wawili wa kupeleka kliniki. Kama huingii leo, nakurudisha. Na kesho mimi sijui utaratibu utakuwaje."

Mimi nilijua. Nadhani Colman pia alijua, kwa maana hakuuliza. Tuligeuka wote watatu tukautazama mlango wa mbele. Ulikuwa wa kijani.

"Nani aliyechagua rangi?"

"Mimi. Wewe hukusema."

"Ni nzuri." Akaegemea fimbo. "Mama yangu alitoka hapo. Baba. Philomena. Hapo hajaingia mtu wa kwetu hata mmoja."

"Huo wa zamani wameutupa, Colman. Huu ni mwingine."

"Uko pale pale."

Kifua chake kilianza kupiga filimbi kwa ile baridi. Dereva aliangalia saa, akalihamishia begi mkono wa pili, upande wa garini. Mimi nililitazama lile begi tu. Nilikuwa nimelifunga dogo kwa makusudi.

"Breda," akasema Colman, "ufunguo unao?"

"Ninao."

"Ingia. Ufunge nyuma yako. Mimi nitabisha."

"Ubishe nyumbani kwako?"

"Nyuma mimi ndiye mwenyeji. Kwa upande huu ni mgeni, na mgeni hubisha." Akamgeukia dereva. "Na wewe, kijana, weka chini hilo begi. Halina kosa."

Nikaingia, nikafunga. Mlango ule hufunga bila kelele, na upepo ukakatika hapo hapo kama mtu aliyenyamazishwa. Kabati la vyombo lilikuwa limerudishwa ukutani kwake. Nyumba nzima ilikuwa na joto, hata pale korido, hata chumba cha siagi. Jikoni redio ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo, kama kila siku saa hiyo.

Kukabishwa.

"Mungu awabariki wote waliomo humu," ikasema sauti ya Colman, vile walivyokuwa wakisema wazee wetu wakiingia.

Nikaenda jikoni nikapunguza redio. Nikasimama nimetulia, bila kupumua. Ni mazoea.

Akabisha tena.

"Breda," akasema, "si wa leseni."

Nikarudi nikafungua.